Mgeni Niliyekutumia

Xela, 14 Juni 2001

Dada yangu Andrea,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, tumbo limejaa mkate na nywele zimejaa unga. Hofu ni kwenu. Shemeji Nicolás na boti lake wanaendeleaje? Na Micaela, bado anatafuna penseli? Mwambie mjomba wake anamsalimu, na kwamba penseli si muwa.

Dada, huyu anayekuletea barua anaitwa Jacinta Ceto. Mpokee. Najua utasema, "Diego kwa kuokota watu hajambo," lakini nisikilize kwanza. Ni mama wa kabila la Waixil, wa kule milimani. Miezi miwili hii amekuwa akikaa nyuma ya tanuri letu kila asubuhi, maana ukuta pale ni wa moto, nami nampa mikate iliyovunjika. Kihispania chake ni cha kuombea maji tu, na lugha yetu hajui hata neno moja. Tunaelewana kwa vidole.

Mwaka wa themanini na mbili, wakati wa vita, kijiji chao kilichomwa. Binti yake, Ana, alikuwa na miaka miwili. Jacinta alikimbia naye akaanguka korongoni, akazimia, na alipozinduka mtoto hayupo. Kuna aliyemwona askari akimpandisha kwenye lori. Juzi mtu amemwambia kwamba baadhi ya watoto wa lori lile waligawiwa kwa familia za huko kwetu ziwani. Basi anakuja kutazama. Hana picha, hana karatasi. Anachojua ni kwamba nyuma ya sikio la kushoto Ana ana kovu la moto, dogo kama harage.

Mpe pa kulala wiki mbili tatu, umtembeze kwa akina mama. Wewe unajulikana mji mzima. Ukisema huyu ni mgeni wangu, nani atamgusa?

Ni mimi mdogo wako,
Diego


San Gaspar, 29 Juni 2001

Mdogo wangu Diego,

Salamu zako zimefika pamoja na mzigo wako. Sisi wazima, ila Nicolás anaumwa jino, na akiumwa jino yeye nyumba nzima inaumwa. Micaela ameacha penseli, sasa anatafuna kola ya shule.

Mgeni wako alishuka kwenye boti mweupe kama unga wako, ametapika ziwa zima, na ile sketi yake nyekundu kama moto. Watoto walimfuata mpaka mlangoni. Nilikulaani, sikufichi. Lakini siku ya tatu alinikuta nimekwama kwenye ufumaji, nyuzi zimenishinda, akanisukuma kando kwa kiuno, akaketi, akalifungua lile fundo kama anamchambua mtoto chawa. Tangu hapo tunafuma pamoja. Hatusemi kitu na tunacheka siku nzima. Ananicheka kilemba changu, mimi nacheka yale mashada ya sufu anayojifunga kichwani. Micaela hamwachi hata kwenda chooni.

Kuhusu Ana, bado. Kila asubuhi anakuja nasi kwenye mawe ya kufulia. Akimwona msichana anamsogelea, anatabasamu, anasogeza nywele zake na kuchungulia nyuma ya sikio. Anashukuru, anaondoka. Wengine wanamwachia, wengine wanaruka. Hachagui umri, wakubwa kwa wadogo, nadhani mkono umeshazoea. Nilitaka kuwaeleza akina mama habari yake, lakini habari yenyewe ni ya vita, na hapa unajua, ukitaja vita kila mtu anakumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Jana Dolores Ratzán akaniuliza mbele ya wote, "Wewe Andrea, mgeni wako anatafuta nini kwenye masikio ya watoto wetu?"

Nikamjibu, "Ni mnunuzi wa nguruwe huyo. Anakagua. Akimwona mnono atakutajia bei."

Mawe yote yalicheka, Diego! Dolores nusura aangushe sabuni ziwani. Jacinta naye akacheka kwa kuwa sisi tunacheka.

Ijumaa ijayo sanamu ya mtakatifu inahamishiwa nyumba ya chama kipya cha kuitunza, kwa hiyo nina tamali mia moja za unga wa mahindi za kufunga kwenye majani. Nakuacha.

Dada yako,
Andrea


Xela, 9 Julai 2001

Dada Andrea,

Hamjambo? Niambie hamjambo.

Jumamosi redio ya tanurini ilisema wananchi wa San Gaspar wamemuua kwa moto mwizi wa watoto, mwanamke asiyejulikana. Walitaja sketi nyekundu. Nimepiga simu ya dukani mara nne. Mara ya nne alipokea shemeji. Nikamuuliza, akasema, "Hapa hakuna kitu," akakata.

Niandikie neno moja tu. Niambie siye yeye.

Mdogo wako,
Diego


Mjini kwa mkuu wa mkoa, 18 Julai 2001

Andrea,

Habari za huko. Sijapata jibu.

Nimekwenda chumba cha maiti. Aliyekuwa zamu alinionya nisifunue, nikafunua. Sura hakuna. Nimemtambua kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kile kilichopinda, ambacho alikuwa akikitumia kunionyeshea mkate anaoutaka. Wameniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mwanawe, maana ningesema rafiki wasingenipa.

Kesho nampeleka kwao. Tajiri wangu amenipa lori la unga na dereva.

Dada, alikuwa analala kwako. Ulikuwa wapi?

Diego


San Gaspar, 24 Julai 2001

Mpendwa ndugu yangu Diego,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema kama inavyotuacha sisi. Nicolás amesha­ng'olewa jino.

Lililotokea ni jambo la kusikitisha na sote tumesikitika. Lilifanywa na watu wa kutoka nje, wa boti za ng'ambo, waliokuja kwa ajili ya sikukuu na kunywa. Wenyeji hawakuhusika. Mimi sikuwepo, nilikuwa jikoni na tamali. Nilipopata habari mambo yalikuwa yamekwisha.

Tumemwashia mishumaa. Nicolás anasema ni vizuri usiandike sana juu ya jambo hili, barua hupotea njiani na kusomwa.

Dada yako,
Andrea


Kutoka milimani, 5 Agosti 2001

Andrea,

Sikuulizi habari, maana najua utanijibu "njema."

Tumemzika Jacinta. Dada yake, mzee Catarina, alilipokea jeneza bila kupiga kelele. Alilinusa. Aliinama akanusa ubao kama mtu anayenusa chungu kujua kama chakula kimeungua, kisha akaniuliza kupitia kwa mwalimu wa shule, "Aliungua akiwa hai?" Nikaweka mkono juu ya ubao. Akasema, "Basi." Tangu siku hiyo niko hapa nawasaidia kuchimba viazi, kwa sababu sijui niende wapi na uso huu.

Jana nimezisoma tena barua zako mbili, ile ya mwisho dereva wa unga amenifikishia huku. Ile ya pili si yako. Wewe hujawahi kuniita "mpendwa ndugu." Hiyo imeandikwa na mtu aliyesimama nyuma yako, na najua ana pengo la jino.

Lakini ni ile ya kwanza iliyoninyima usingizi. Pale uliponichekesha. Nilicheka kweli, Andrea, nilimsomea tajiri wangu naye akacheka. Mnunuzi wa nguruwe. Redio ilieleza jinsi watu wa San Gaspar walivyogundua: kwamba mwanamke yule alikuwa akiwakagua watoto masikio na kutaja bei zao. Kutaja bei! Jacinta asiyejua hata kuhesabu mpaka kumi kwa Kihispania. Ana wake ana miaka ishirini na moja. Mwenye kumtafuta msichana wa miaka ishirini na moja aibe mtoto wa chekechea wa nini?

Nakuomba kitu kimoja kwa malezi uliyonilea mama alipotuacha. Niambie ulichokiona.

Diego


San Gaspar, 19 Agosti 2001

Diego,

Hatujambo, hatujambo, hatujambo. Nimeandika mara tatu kwa sababu mkono hautaki kuendelea na mengine. Nicolás amepeleka abiria ng'ambo, atarudi upepo wa mchana ukitulia. Nina saa tatu.

Ijumaa ile soko lilikuwa limefurika. Mtakatifu alikuwa barabarani, ngoma, fataki, moshi wa ubani. Jacinta alikwenda kununua mshumaa. Mimi nilikuwa namfuata na Micaela, nimebeba beseni la tamali. Dolores akaanza kupiga mayowe kwamba mtoto wake Rosario haonekani. Mwanzoni watu walicheka, mtoto kupotea sikukuu ni jambo la ajabu? Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Yuko wapi yule mnunuzi wa nguruwe?" Jina lake walikuwa hawalijui, Diego. Walikuwa na jina nililompa mimi.

Wa kwanza kumpiga alikuwa mwuza mishumaa mwenyewe, alimpiga kofi. Wa pili alimpiga na jiwe la mizani. Kengele ya kanisa ikalia, na wewe unajua kengele ikilia hivyo hata aliyelala hutoka na panga. Polisi walikuwa wanne, wakajifungia ndani. Walimkokota mpaka uwanja wa shule wakamfunga kwenye nguzo ya goli la kikapu kwa kamba ya kubebea kuni. Ventura, kaka yake Nicolás, ndiye aliyefunga. Walimpiga kwa fimbo, kwa viatu, kwa magogo ya fataki zilizokwisha kulipuka. Jino lake lilianguka karibu na mguu wangu. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Nilikuwa umbali wa hatua kumi, beseni bado liko kichwani.

Akaniona. Akaita, "Andrea! Andrea!" Katika maneno yote ya mji huu ndilo alilolijua.

Watu wakageuka. Ventura akanijia, jasho linamtiririka. "Shemeji, unamjua huyu?"

Micaela alikuwa ameshika sketi yangu. Nilitazama nyuso, Diego. Nawajua wote, tumebatiziana watoto. Sikumtambua hata mmoja.

Nikasema, "Simjui. Alipanga kitanda tu."

Hakuelewa maneno, lakini uso wangu aliuelewa. Hakuita tena mtu.

Kisha Nicolás akaja kutoka gatini na lile dumu la bluu la petroli ya boti. Nilidhani atampa mwingine. Alimmwagia mwenyewe, polepole, kwa uangalifu, kama anavyojaza injini asipoteze hata tone. Ventura akawasha. Nilimfunika Micaela macho kwa shali. Masikio yake sikuyaziba. Sasa hasemi. Wiki ya sita hii, hata neno.

Moto ulikuwa bado haujazimika Rosario alipoonekana. Alikuwa nyumba ya chama, kwenye mapaja ya bibi yake, anakula tamali. Tamali yangu. Dolores alitapika pale pale uwanjani. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama mwenzake, na kesho yake ukiuliza, wote walikuwa shambani.

Nguzo wameipaka rangi mpya. Watoto wanacheza.

Nicolás ananiamsha kwa teke nikilia usingizini. Wiki iliyopita alinibana shingo ukutani akasema, "Nilikulindia nyumba yako. Walikuwa wanauliza nani alimleta. Ningekataa kuleta petroli, wangetuchoma na sisi." Huenda ni kweli. Ndilo linalonitisha, huenda ni kweli. Kisha akasema nikimtaja jina atanikatakata niliwe na samaki.

Dolores amenijia jana. Anasema mjini kuna mwanamke mwendesha mashtaka anayetafuta shahidi, hata mmoja. Anasema nikienda atakwenda.

Nifanye nini, mdogo wangu? Nisamehe sikuombi.

Dada yako,
Andrea


Xela, 30 Agosti 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini kwenye unga.

Nilikuwa nimeapa kwamba ukinieleza ukweli nitakuamuru uende kwa mwendesha mashtaka. Nilikuwa hata nimeyapanga maneno. Sasa nakwambia usiende. Ventura namjua, aliwahi kumkata mbwa wetu mbele yangu kwa sababu alimbwekea. Mchukue Micaela, panda boti la mtu mwingine, njoo huku. Chumba changu ni kidogo lakini ukuta ni wa moto. Tukishakuwa salama tutafikiri.

Hasira yangu kwako haijaisha. Lakini nimeshamtambua mtu mmoja kwa kidole. Wa pili sitaweza.

Njoo.

Mdogo wako,
Diego


Kutoka milimani, 21 Oktoba 2001

Mdogo wangu Diego,

Salamu. Usishangae mwandiko, huu ni mkono wa kushoto, bado unajifunza kama Micaela. Mimi ni mzima kwa kiasi hicho. Wewe hujambo? Nesi alinisomea barua zote tatu ulizonitumia pale hospitalini. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na cha kushikia kalamu.

Barua yako ya kusema nisiende ilinikuta nimeshakwenda. Tulivuka tarehe tatu Septemba, mimi na Dolores na watoto wetu wawili, kwenye boti la kijana wa ng'ambo asiyetujua. Mwendesha mashtaka ni mwanamke mdogo kuliko wewe, kucha amezing'ata. Nilitaja majina kumi na moja. Karani alikuwa anapiga chapa bila kuniangalia. Nilipofika la kumi na moja akasimamisha vidole, akauliza, "Nicolás Petzey huyu ni nani wako?" Nikasema, "Ni mume wangu. Andika." Kisha nikasema la kumi na mbili, langu. Mwendesha mashtaka akasema kusema simjui si kosa la kisheria. Nikamwambia basi andika kando ya karatasi.

Tungebaki huko. Kosa letu ni kwamba tulirudi. Dolores alikuwa amemwacha mama yake, na mimi, Diego, nitakwambia ukweli, nilirudi kuchukua kitambaa tulichofuma na Jacinta. Kilikuwa nusu bado kwenye fito. Polisi walikuwa wameshamchukua Nicolás asubuhi hiyo, na wengine watatu. Ventura alikuwa ananingoja gatini na panga, mchana kweupe, boti sita zimefunga, watu wanapanga vitunguu.

Aliniambia, "Mkono ulioweka sahihi ni upi?"

Akachagua mwenyewe. Aliukamata akauweka juu ya ukingo wa boti, kama anayepasua samaki. Alichukua vidole vitatu kwa pigo la kwanza. La pili liliingia kwenye ubao, panga likakwama, na akiwa analing'oa Dolores alimpiga kasia la kichwa. Dolores, Diego! Yule wa sabuni. Alimpiga mpaka kasia likavunjika. Watu wa vitunguu walikuwa wanatazama. Ndipo Micaela aliposema. Alisema kwa sauti kubwa, kwa wote, "Huyu ni mama yangu, namjua!" Alirudia na kurudia, mpaka mzee mmoja mwuza vitunguu akaacha kikapu chake akaja kunifunga mkono kwa shati lake. Baada yake wakaja wengine wawili. Watatu tu. Lakini walikuja.

Ventura alitorokea pwani, hajapatikana. Nyumba yangu imechomwa pamoja na kitambaa. Nicolás yuko ndani na wenzake, na ameapa mbele ya hakimu kwamba mimi ndiye niliyesema Jacinta anataja bei. Hakusema uongo. Sita waliobaki wanauza nyanya zao kama kawaida.

Nilipotoka hospitalini ningekuja kwako moja kwa moja, lakini miguu ilikataa. Nikapanda mabasi matatu na Micaela mpaka huku milimani. Tulishuka na kilemba changu na blauzi yangu ya ndege wa ziwani, na kila mwanamke barabarani akageuka kututazama, na wanaume wakatoka madukani. Sikujua hata kusema hujambo kwa lugha yao. Nilimshika Micaela mpaka akalalamika. Nilingoja jiwe la kwanza. Akaja yule mwalimu wako, akatupeleka kwa mzee Catarina.

Alikuwa anachagua maharage. Hakuinuka. Nilieleza yote, tangu mawe ya kufulia, mwalimu akitafsiri. Nilipofika kwenye ule mzaha wa nguruwe mwalimu akasema neno hilo hawezi. Nikamwambia liseme. Akalisema. Catarina aliendelea kuchagua maharage, mabovu huku, mazima huku.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Alipokuita, uliitika?"

Nikasema, "Hapana."

Akainuka, akanipiga kofi. Ana mkono wa kulimia, Diego, nilianguka juu ya maharage. Micaela akaanza kulia. Mzee akasimama juu yangu, anahema. Kisha akasema kitu, akaingia ndani. Nikamwuliza mwalimu amesema nini, niondoke?

"Amesema yaokote," mwalimu akaniambia. "Na ukimaliza uoshe mkono, mle. Mtalala hapa. Amesema hajakusamehe."

Tumeyaokota mimi na Micaela, yeye akitumia mikono miwili na mimi mmoja. Hii ni siku ya tatu. Catarina hanisemeshi. Asubuhi amemwita Micaela, amemfunga nywele na yale mashada ya sufu ya kwao, na akiwa anamfunga nimemwona anasogeza nywele za nyuma ya sikio lake la kushoto, anatazama, anaziachia.

Nimemwomba mwalimu amwambie kwamba nitakwenda kumtafuta Ana. Miji ya ziwani ni kumi na miwili, nami naijua lugha. Mzee amejibu kwamba nianze na ile ambako hawanijui.

Jumatano tutakuwa Xela. Weka maji ya moto.

Dada yako,
Andrea